UKIPANGA SAFARI NDEFU, ANZA NA ALIYE MNYONGE



Wengi mmeniandikia kuulizia msafara wetu wa mwezi wa tisa kutoka Mbinga kwenda Tanga. Mnauliza tunaondoka siku gani, mchango ni kiasi gani, na kwa nini safari hii tunalala njiani wakati mwaka jana tulikwenda moja kwa moja. Yote nitayajibu humu. Lakini kabla ya ratiba na pesa kuna jambo nataka nilikiri mbele yenu. Tuliokuwa ndani ya basi tunalijua, na wengine mmelisikia vijiweni kwa sura isiyo yake. Soma taratibu mpaka mwisho. Naandika nikiikumbusha nafsi yangu kwanza, kisha yako.

Mwaka jana, mwezi wa saba, kijana wetu mmoja wa huku mwambao wa Nyasa alipata mchumba Tanga. Wazee wakakaa, kamati ikaundwa, ikaonekana tukodi basi moja kubwa twende wote: wa Liuli, wa Mbamba Bay, wa Mbinga mjini. Tulikuwa watu 58. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba wakisafiri watu watatu wamteue mmoja wao awe kiongozi. Watatu tu! Sisi tulikuwa 58, na aliyeteuliwa kuwa amiri nilikuwa mimi. Sitaki kukuficha ndugu yangu, nilifurahi. Ukipewa uongozi ukafurahi kabla hujaogopa, hapo pana kasoro.

Nilijipanga kweli kweli. Nilihakikisha basi lina bima, ukaguzi na kibali cha LATRA cha safari ya kukodi. Nilidai madereva wawili, maana safari ya urefu ule dereva mmoja haruhusiwi kuimaliza peke yake. Leseni zao nikaziona kwa macho yangu, daraja C. Nikainama kutazama matairi, nikavuta mikanda ya viti, nikauliza kizima moto kiko wapi na mlango wa dharura unafunguliwaje. Fundi mmoja pale Mbinga alinicheka, akasema, "Shehe, wewe unakagua basi au unalinunua?"

Kisha nikapiga hesabu ya njia. Kutoka Mbamba Bay kupanda Mbinga ni kilomita zaidi ya 60 za kona na milima. Mbinga hadi Songea kama 100. Songea hadi Makambako karibu 300. Hapo unaishika barabara kuu: Mafinga, Iringa, Kitonga, Mikumi, Morogoro, Chalinze. Chalinze unaiacha njia ya Dar es Salaam, unakunja kaskazini kwenda Segera, kisha Tanga. Jumla ni zaidi ya kilomita 1,200. Zamani basi lilikuwa halina budi kulala njiani, lakini mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Nikasema basi vizuri, tunaondoka Mbinga saa 9 na nusu usiku, saa 6 usiku unaofuata tunaingia Tanga. Siku moja tu, hakuna gharama ya kulala. Nikapanga vituo vitatu: Songea kwa swala ya Alfajiri, Njombe kwa chai, Iringa kwa chakula na Adhuhuri. Kamati ikanisifu.

Usiku wa kuondoka nilisimama mbele ya basi nimeshika kipaza sauti. Tukaomba dua ya safari, watu wakaitikia amina. Halafu, kwa kuwa kila mtu alikuwa mchangamfu, nikataka nami nichangamshe. Nikasema, "Ndugu zangu, njia ni ndefu. Msinywe maji mengi mkatusimamisha kila kichaka. Atakayetaka kuchimba dawa mara mbili mbili tutamwacha Mikumi na tembo!"

Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka.

Kiti cha tatu nyuma ya dereva alikaa bibi yake bwana harusi, mama mtu mzima wa Liuli, ndiye aliyemlea yule kijana tangu akiwa mdogo. Na yeye alicheka. Nilimwona kwa macho yangu akicheka huku amejifunika khanga mdomoni. Ningejua alichokuwa anakiamua moyoni mwake saa ile, ningekitupa kile kipaza sauti.

Tulifika Songea, tukaswali. Kutoka hapo hadi Njombe ni saa nne bila kusimama, na Njombe ya mwezi wa saba unaijua, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mjukuu mmoja akamletea Bibi chai ya maziwa. Bibi akashukuru, akakishika kile kikombe kwa mikono miwili mpaka mikono ikapata moto, kisha akamrudishia mtoto kikombe kimejaa vilevile. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, nikitazama saa. Iringa tulisimama Ipogolo, Bibi akala matonge mawili ya wali, akasema ameshiba. Chupa ya maji aliyopewa na binti yake akaiweka chini ya kiti.

Kutoka Iringa unashuka milima ya Kitonga, na ukiishuka umebadilisha nchi. Baridi yote uliyotoka nayo Njombe inabaki juu, huku chini Ruaha Mbuyuni kuna joto. Watu walikuwa wanavua masweta. Bibi hakuvua, alikuwa amelala. Binti yake akamtikisa amwonyeshe vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara, Bibi hakuitika. Akamtikisa tena. Kisha tukasikia ile sauti ambayo kila kiongozi wa msafara anaomba asiisikie: "Shehe! Mama haamki!"

Tulimkimbiza kwenye kituo cha afya. Tabibu aliuliza swali moja tu, "Huyu mama mara ya mwisho kunywa maji ni lini?" Binti yake akafikiri, akasema, "Jana jioni, Mbinga." Kidonge chake cha presha, kile ambacho ukikinywa kinakupeleka msalani mara kwa mara, tulikikuta kimefungwa kwenye pindo la khanga. Hakukinywa. Alikihifadhi ili akinywe Tanga.

Alipowekewa dripu akafumbua macho. Akaniona nimesimama pale mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Shehe wangu, nisamehe. Nimewachelewesha."

Wallahi ndugu zangu, angenitukana ningepumua. Yeye aliniomba msamaha.

Bibi alibaki pale siku mbili na binti yake. Sisi tuliendelea. Zile dakika nilizokuwa nazihesabu njia nzima zikaliwa zote na zaidi, tukaingia Tanga alfajiri badala ya saa 6 usiku. Asubuhi nikah ikafungwa. Bwana harusi alipoulizwa kama yuko tayari, kabla hajajibu aligeuka akatazama upande waliokaa akina mama, kisha akanitazama mimi, ndipo akajibu. Zawadi ya Bibi kwa wakwe, kifurushi cha mbasa wakavu aliowakausha mwenyewe pale Liuli, tuliwakabidhi sisi. Kilisafiri kilomita 1,200 kikafika. Mwenyewe hakufika.

Sasa nisikilize vizuri. Nililikagua basi, sikuwakagua watu. Nilijua hali ya kila tairi, sikujua nani ana presha, nani ana kisukari, nani ana mimba, nani magoti hayakunji. Na kilichonichoma zaidi ni hiki: mimi ni imamu. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza anayewaswalisha watu asirefushe, kwa sababu nyuma yake wamo wanyonge, wagonjwa, wazee na wenye haja zao. Hilo nimelifundisha miaka mingi. Msikitini nikimsikia mzee anakohoa safu ya pili nafupisha sura. Kumbe somo lile nililiacha mlangoni pamoja na viatu. Ndani ya basi nikaswalisha watu 58 kwa mwendo wa vijana.

Imepokewa pia kwamba Mtume katika safari alikuwa akikaa nyuma ya msafara, akimsukuma mnyonge, akimpandisha asiye na mnyama, akiwaombea. Kiongozi yuko nyuma! Mimi nilikuwa mbele na kipaza sauti.

Tazama pia ruhusa zote ambazo dini imempa msafiri. Swala ya rakaa nne inakuwa mbili. Adhuhuri na Alasiri zinakusanywa, Magharibi na Isha zinakusanywa. Aliyefunga anaruhusiwa kufungua akalipa baadaye. Jiulize, hizi amepewa nani? Amepewa kila msafiri, hata kijana mwenye nguvu, ili mnyonge asilazimike kuinua mkono na kusema mimi siwezi. Wote wanapunguza, hakuna anayeonekana. Hiyo ni heshima kubwa, na ndiyo nimeijengea mpango wa mwaka huu.

Kuna watakaosema, "Shehe, mipango mingi ya nini, tunamtegemea Mungu." Ndugu yangu, yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mwenyezi Mungu aliambiwa amfunge kwanza. Na hebu itazame Hijra. Nani alimtegemea Mola wake kuliko Mtume? Pamoja na hayo, walitoka Makka kuelekea kusini kwenye pango la Thawr wakati Madina iko kaskazini. Wakakaa siku tatu mpaka msako upungue. Asmaa bint Abi Bakr alishughulikia chakula. Kaka yake Abdullah alileta habari za mjini usiku. Amir bin Fuhayra alipitisha kondoo na mbuzi kufuta nyayo. Na kiongozi wa njia, Abdullah bin Urayqit, hakuwa hata Mwislamu. Alichaguliwa kwa sababu aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Kila mtu na kazi yake, kila kazi na mtu wake. Mvuvi wa Liuli haingii ziwani usiku kabla hajautazama upepo, na hakuna anayemwambia imani yake ni haba.

Haya, huu ndio mpango wetu. Hata kama huendi nasi, hata kama safari yako ni ya familia moja kwenye Noah ya kuazima, chukua linalokufaa.

KWANZA, WATU KABLA YA GARI. Mwaka huu daftari la majina limeandikwa kabla hatujatafuta basi. Kila jina lina namba ya simu ya ndugu anayebaki nyumbani, dawa anazotumia na saa za kuzinywa. Mambo ya akina mama ameyaandika mama mmoja muuguzi mstaafu, siyo mimi, na daftari lile anakaa nalo yeye. Wanaume nimewaandika mimi. Utashangaa wanaume wangapi wana presha na wake zao hawajui.

PILI, BASI LINASIMAMA KWA RATIBA, SIYO KWA OMBI. Hili ndilo kubwa kuliko yote, lishike. Wenzetu kule Marekani wana magari makubwa ya safari yenye vitanda, jiko na choo humo humo. Basi letu halina choo, na anayetaka kushuka lazima aombe mbele ya watu. Mama wa heshima zake, mwenye umri wa mama yako, apige kelele mbele ya wakwe na vijana kwamba anataka kuchimba dawa? Hatapiga. Ataacha kunywa maji. Kwa hiyo tunasimama takribani kila saa mbili, aombe mtu au asiombe: Songea, Madaba, Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa. Siku ya pili Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, Chalinze, Mkata, Segera. Tunasimama penye choo na maji. Mikumi tunasimama mjini kabla ya kuingia hifadhini, kwa sababu barabara inakatiza kilomita 50 za wanyama na humo hakuna kushuka. Na ikitokea dharura katikati, kuna mama mmoja tumemteua kwa upande wa wanawake. Unamgusa bega, yeye anamwambia dereva asimame. Dereva haulizi kwa nini, wala mimi siulizi.

TATU, TUNALALA IRINGA. Hapa ndipo kamati ilipogawanyika, nami nitawaeleza kwa uwazi. Kulala kunaongeza shilingi 20,000 kwa kila mtu. Kijana mmoja wa kamati alisimama akasema, "Shehe, kwa kosa la mara moja unatutoza wote." Ana haki ya kusema hivyo. Nikamjibu kwamba usiku wa Iringa ni wa wazee, lakini ni wa dereva pia, na dereva akisinzia hachagui wa kumwangusha. Basi limewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na penye makazi ya watu ni 50. Ukigawa 1,200 kwa 80 unapata saa 15, lakini hizo ni saa za karatasi. Kuna matuta ya kila kijiji, kuna mizani, kuna ukungu wa Lukumburu, kuna malori yanayopanda Kitonga kwa mwendo wa kinyonga. Saa 15 zinakuwa 20 na zaidi. Watu wanne wamejitoa kwa sababu ya gharama, nawaheshimu na sina kinyongo nao. Wengine saba wamejitolea kuwalipia wazee. Mola awazidishie.

NNE, SIKU NA SWALA. Tunaondoka siku ya Alhamisi, siku ambayo imepokewa kwamba Mtume alipenda kuanzia safari zake. Wa Liuli na Mbamba Bay wanapanda Mbinga Jumatano mchana, kona zile zisipitwe usiku, wanalala kwa wenyeji. Alhamisi tunaswali Alfajiri Mbinga ndipo basi linaondoka. Adhuhuri na Alasiri tunazikusanya na kuzipunguza Makambako. Magharibi na Isha tunazikusanya Iringa: Magharibi rakaa tatu kama kawaida, Isha mbili. Alfajiri haipunguzwi wala haikusanywi na nyingine, msije mkalala mkasema sisi wasafiri. Ijumaa tunaondoka Iringa mapema tuwahi swala Morogoro. Ijumaa si lazima kwa msafiri, lakini kuswali na ndugu zako wa mji mwingine ni faida. Kumbuka pia, ukiswali nyuma ya imamu ambaye si msafiri, unakamilisha rakaa kama yeye. Jioni inshaallah tuko Tanga.

TANO, GARI NA MIZIGO. Ukaguzi wa mwaka jana unabaki vilevile, sikuacha hata kimoja. Nimeongeza mawili. Dereva ameahidi kuishuka Kitonga kwa gia, asiitegemee breki, maana breki ikipata moto kwenye mteremko ule haimjui mcha Mungu na asiye mcha Mungu. Na mizigo ni begi moja na kifurushi kimoja kwa mtu. Najua tunavyopenda kwenda na gunia la maharage na debe la usipa. Lakini basi nalo linapita mizani, likizidi uzito tunashushana njiani. Maji yatakuwa ndani ya basi, katoni mbele, katoni katikati, katoni nyuma, ya bure. Kazi ya kuyagawa nimejipa mimi.

SITA, NJIA HUULIZWA. Baadhi yenu mmependekeza tupite kusini: Namtumbo, Tunduru, Masasi, Lindi, kisha Dar. Lami ipo na njia ni nzuri, ila kwa anayekwenda Tanga ni mzunguko. Lakini hata ile tunayoijua tutaiuliza. Mwezi wa tano mwaka 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Lindi pale Somanga, watu wakakwama na mizigo yao. Waliotoka nyumbani bila kuuliza walikuta maji, na waliouliza walisubiri kwao. Siku mbili kabla ya kuondoka tutawapigia madereva wa malori ya mahindi na kahawa wanaoshuka Makambako. Hao ndio wajuzi wetu wa njia.

SABA, ULICHOKIACHA NYUMBANI. Tumechagua mwezi wa tisa kwa sababu mvua bado na waliouza kahawa wana chochote mfukoni. Ila ukikipata, kabla hujalipa mchango wa safari, lipa deni lako. Waachie wanaobaki chakula cha kutosha. Mwambie mtu mmoja unayemwamini nani anakudai na nani unamdai. Kufanya hivyo siyo kujitabiria mabaya, ni kusafiri ukiwa mwepesi.

Ndugu yangu, kwa nini nimeyaandika haya hadharani badala ya kuwatumia wasafiri wangu tu? Kwa sababu huenda na wewe una basi lako. Labda ni familia, labda ni darasa, labda ni kazini una watu watano chini yako. Ulishasema neno la mzaha, wakacheka wote, ukasahau. Na yuko mmoja kiti cha tatu aliyecheka kama wengine, kisha akalitii lile neno mpaka likamlaza. Mzaha wa mwenye kipaza sauti ni amri kwa mnyonge. Hatakwambia kwamba anaumia, maana anakuheshimu. Usingoje akwambie. Panga kana kwamba ameshakwambia.

Mwisho niwape habari. Yule kijana amejaaliwa mtoto wa kike kule Tanga, na msafara huu wa mwezi wa tisa ni wa kwenda kumwona. Mwezi uliopita niliteremka mpaka Liuli. Nilimkuta Bibi ufukweni anageuza usipa kwenye kichanja, mbele yetu Jiwe la Pomonda limesimama majini. Nikatoa shikamoo, nikakaa chini kwenye mchanga. Nilikuwa sijawahi kumwomba msamaha wazi wazi, nilikuwa namtumia salamu tu na sukari. Siku ile nilimwomba. Nikamwambia, Bibi, kosa lilikuwa langu, la mdomo wangu.

Hakuinua kichwa. Akaendelea kugeuza samaki wake kama vile hakusikia. Kisha akasema, "Shehe, kitukuu nataka kumwona. Ila niambie kwanza, safari hii nitaruhusiwa kunywa maji?"

Nikamwambia, "Bibi, safari hii maji nakuletea mimi mwenyewe mpaka kwenye kiti."

Akacheka. Safari hii nilikitazama kicheko chake vizuri kabla sijacheka.

Jina lake ndilo la kwanza kwenye daftari, kiti cha tatu nyuma ya dereva. Ratiba yote ya vituo niliyoiandika hapo juu nimempelekea yeye kwanza aikague, na kituo cha Madaba ni yeye aliyekiongeza.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walioko barabarani usiku huu, madereva na abiria, awarudishie watu wao wakiwa wazima. Atusamehe maneno tuliyoyatoa bila kuyapima. Na atupe sisi tunaoongoza, hata kama ni kuongoza watu wawili tu, macho ya kumwona aliyekaa kimya.

Wanaosafiri nasi, mchango wa mwisho ni kabla ya Ijumaa ijayo. Na mje na chupa zenu za maji.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.